Simon de Montfort: baba wa Bunge au kabaila mwenye tamaa?

Mtoa mada: Wakuu, asili ya Bunge la Uingereza ikitajwa, Simon de Montfort, Erli (kabaila wa cheo cha juu) wa Leicester, hakosi kutajwa. Januari 1265 aliita bungeni naiti (askari wa farasi wenye ardhi) wawili kutoka kila kaunti na watu wawili kutoka kila mji alioutaka. Mimi nasema sifa hiyo kazidishiwa. Naiti wawili kwa kaunti walishaitwa 1254, mfalme Henry III alipotaka fedha za vita vya Gascony, milki yake huko Ufaransa. Jipya la Simon ni watu wa mijini tu. Tena tazameni makabaila aliowaalika: maerli 5, mabaroni 18. Waliobaki hawakuwa upande wake. Hapo bunge liko wapi?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, umeanzia mwisho. Anzia Oxford 1258, mabaroni walipomlazimisha mfalme aape kufuata masharti yao: baraza la watu 15 la kumsimamia mfalme, bunge mara tatu kwa mwaka, na shirifu (ofisa wa mfalme) wa kila kaunti awe mwenyeji, akae mwaka mmoja aondoke. Hicho cha tatu ndicho kilichomgusa mkulima, maana shirifu ndiye aliyekamua faini. Papa akamfungulia mfalme kiapo hicho 1261, na Januari 1264 Louis IX wa Ufaransa, aliyeombwa kuamua, akafuta yote pale Amiens. Wengi walirudi nyuma, Simon akabaki na kiapo chake.

Mtoa mada: Alibaki na kiapo na madai yake pia! Mkewe Eleanor, dada wa mfalme, alikuwa mjane wa William Marshal, na Simon alishikilia kwamba haki ya Eleanor ya ujane (fungu lake katika mali ya marehemu) ilikadiriwa chini mno. Mwaka 1259 mapatano ya amani na Ufaransa yalikwama kwa sababu Eleanor alikataa kuachia haki zake mpaka alipwe. Alipomshinda mfalme na kupata madaraka, Simon akajichukulia Chester, mali ya mrithi wa kiti, Edward.

Mchangiaji wa 2: Na hiyo Chester ndiyo iliyomzika, si uhaba wa ujuzi wa vita. Kwenye vita vya Lewes, 14 Mei 1264, alipanda kilima usiku, watu wake wakiwa na misalaba myeupe kifuani. Edward akawavunja watu wa London waliokuwa upande wa Simon, akawafukuza mbali mno. Aliporudi baba yake kashindwa. Lakini Gilbert de Clare, Erli wa Gloucester, aliona ngome na fidia za mateka zikiishia kwa Simon na wanawe, akahamia upande wa mfalme. Edward, aliyekuwa mateka wa Simon, akatoroka Mei 1265 huko Hereford.

Kilichofuata ni uzembe. Mwanawe, Simon mdogo, alifika Kenilworth, ngome ya baba yake, na jeshi lake likalala nje ya kuta. Edward akalivamia alfajiri na kuteka bendera zake. Tarehe 4 Agosti, Evesham, bendera hizohizo zikatangulia, na Simon akadhani mwanawe anakuja. Mto Avon unauzunguka mji pande tatu; Edward na Gloucester wakaziba kaskazini, Roger Mortimer, baroni wa upande wa mfalme, akaziba daraja. Askari wa miguu wa Wales wakakimbia. Maiti ya Simon ikakatwakatwa, kichwa kikapelekwa ngome ya Wigmore kwa mke wa Mortimer.

Mchangiaji wa 3: Mnaruka Wayahudi. Simon aliwafukuza Leicester mwanzoni mwa miaka ya 1230, na Aprili 1264 wafuasi wake waliwaua kwa mamia London. Naiti wengi walikuwa na madeni kwao. Mtu akikwambia vita ile ilikuwa ya haki za raia, muulize hati za madeni zilikwenda wapi.

Mchangiaji wa 1: Hilo sipingi. Ila tazameni walioendelea baada yake: Kenilworth ilizingirwa tangu Juni 1266 hadi njaa na maradhi yalipoifungua Desemba. Kwa amri ya Oktoba 1266, mwasi aliruhusiwa kukomboa ardhi yake, na waliohusika zaidi walitakiwa kulipa mapato yake ya miaka mitano. Na mwaka 1295 ni Edward huyohuyo, sasa mfalme, aliyeita watu wa mijini bungeni.

Mtoa mada: Kwa hiyo baba wa Bunge ni Edward?

Mchangiaji wa 2: Edward aliwaita ili walipe kodi, mkuu. Simon aliwaita kwa sababu mabaroni walikuwa wakimkimbia.