Wazungu "takataka" wa Marekani: ni ubaguzi wa rangi au dharau ya maskini?

Kalamu Butu:
Wakuu, salaam. Kuna kitu kinanitatiza. Marekani ya leo mtu akimtania Mweusi hadharani, kibarua kinaota nyasi. Lakini mzungu maskini wa kijijini, wa nyumba ya trela, asiye na meno ya mbele, anachekwa kwenye televisheni saa nzima na hakuna anayeshtuka. Wanamwita white trash, yaani takataka weupe. Mara redneck (shingo nyekundu), mara hillbilly (mshamba wa milimani), mara cracker, majina hayaishi. Na wanaocheka zaidi ni wazungu wenzake waliosoma.

Naomba tujadili: huu ni ubaguzi wa rangi, au ni mwenye nacho kumdharau asiye nacho? Na nani aliyeanza?

Mimi nasema walianza wenye mashamba makubwa. Mwaka 1728 bwana mmoja wa Virginia, William Byrd, alipelekwa kupima mpaka wa Virginia na North Carolina. Akarudi na maandishi ya kuwakejeli walalahoi aliowakuta huko, eti wanaume wanalala hadi jua limepanda na wake zao ndio wanaohangaika. Byrd mwenyewe alikuwa na maelfu ya ekari na watumwa wa kumlimia. Jembe hakulishika. Huyu naye ni wa kumwita mtu mvivu?

Nyundo ya Mbao:
Mleta mada, huruma yako peleka wodini, wagonjwa wapo. Mtu amezaliwa mzungu Marekani, sheria zake, benki zake, polisi wake, na bado kashindwa? Huyo ni mzembe, hana cha kujitetea. Babu zake walikuwa wanabeba watoto kwenda kutazama Mweusi akining'inizwa mtini. Leo tumlilie meno?

Bibi Shamsa:
Kalamu Butu, umeleta nusu ya habari. Miaka ya 1830 tusi hilo lilikuwa tayari midomoni mwa watumwa wenyewe. Fanny Kemble, mwigizaji wa Kiingereza aliyekuwa Marekani wakati huo, aliandika kwamba watumwa waliwadharau mno watumishi wa kizungu, wakiwaita takataka hivyo hivyo. Na sababu walikuwa nayo. Doria za usiku za kukagua vibali vya watumwa njiani, mara nyingi ni nani alizunguka nazo? Nyapara wa shambani alikuwa nani? Bwana mkubwa yuko ndani kalala. Mjeledi kaushika kapuku.

Kwa hiyo tusiwapake mafuta. Aliyepigwa ana haki ya kumtukana aliyempiga.

Kijukuu wa Mwanza:
Nipo Kentucky, naishi nao, niseme kidogo. Kwenye ghala ninalofanya kazi Kiswahili kinasikika kuliko mnavyodhani, Wakongomani wamejaa. Kuna mzungu mmoja katokea milimani huko mashariki, kwenye makaa ya mawe. Namtania babu, na hata 50 hajafika. Meno ya mbele kayamaliza. Kwao kung'oa jino ni bei ya kawaida, kulitibu mpaka lipone ni mshahara, basi linang'olewa.

Msimamizi wetu ni mzungu wa mjini. Sisi tukiboronga Kiingereza anajifanya hajasikia, anaogopa ofisi itamwita. Lakini yule babu anamwigiza mchana kweupe anavyovuta maneno, watu wanaangua kicheko, na babu naye anacheka. Ukifika muda wa kula anakwenda kujifungia kwenye gari lake, hatoki mpaka kengele.

Na hizo trela mnazozisikia: trela ni yake, kaichukua kwa mkopo, lakini kiwanja ni cha kampuni. Kodi ya kiwanja ikipanda hana ujanja. Kuivuta trela kwenda kwingine ni maelfu ya dola, na ikiwa nzee inabomokea njiani. Akishindwa anaiacha pale pale na deni lake. Uzembe uko wapi hapo?

Nyundo ya Mbao:
Ahaa, mbeba boksi! Nilikuwa najiuliza huu utetezi unatokea wapi. Umeacha sato kwenu Mwanza, umekwenda kupanga maboksi na kibogoyo wa kizungu, halafu unatuletea darasa. Nyie ndio takataka wapya wa huko, mmetofautiana rangi tu.

Kijukuu wa Mwanza:
Boksi hilo unalolicheka limelipa ada za wadogo zangu na kuezeka nyumba ya mama. Wewe lako liko wapi? Unaandika haya umekaa chumba cha kupanga Mbagala, choo mnapokezana wapangaji wote, bando la kukopa. Usinizoee.

Tulizo:
Hapo pameanza kunoga. Nimevuta kigoda.

Mama Chapati:
Samahani, Mbagala imeingiaje hapa? Mimi nazaliwa Mbagala, nimesomeshea watoto Mbagala, na choo changu ni cha ndani na maji yanatoka. Mtu akikosa hoja lazima aitaje Mbagala. Kijukuu, wewe kutetea maskini wa Kentucky unaweza, wa Mbagala wanakunukia?

Nyundo ya Mbao:
Kwa taarifa yake sikai Mbagala. Nakaa Mbezi.

Tulizo:
Mbezi ipi mkuu? Kuna Mbezi ya baharini na kuna Mbezi ya Kimara. Funguka.

Daktari wa Kata:
Wakati mnapimana viwanja, naomba nirudishe mjadala kwa mtu aliyesema uvivu. Uvivu huo una mnyoo. Ni safura, hii hii tunayoijua. Kusini mwa Marekani ni joto na mchanga, watu walikuwa hawana vyoo, watoto wanatembea pekupeku. Mabuu yanaingilia kati ya vidole vya miguu, yanafika kwenye utumbo, yanakaa huko kufyonza damu. Mtoto anapauka, tumbo mbele, darasani anasinzia, shambani anachoka kabla ya jua kuwaka. Jirani anapita anasema: familia ya wavivu.

Mwanasayansi Charles Stiles alipoyasema hayo mwanzoni mwa karne iliyopita, magazeti yakamcheka kwamba kavumbua kijidudu cha uvivu. Mwaka 1909 Rockefeller, yule tajiri wa mafuta, akatoa dola milioni 1, wakaanza kupima. Watoto wa shule waliopimwa, karibu 40 kati ya kila 100 walikuwa nao. Wakapewa dawa, wakafundishwa kuchimba vyoo.

Kingine: walikuwa wanachekwa kwamba wanakula udongo, likawa jina lao kabisa, wala udongo. Mjamzito wa kwetu akianza kununua pemba sokoni, kila nesi anajua damu imepungua. Kwao ikaitwa tabia ya watu duni.

Nyundo ya Mbao:
Kwa hiyo sasa hivi wakili wao ni mnyoo. Daktari, safura ilitibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hao wa leo nani anawafyonza?

Kijukuu wa Mwanza:
Mwenye kiwanja.

Njoro Moja:
Mimi ni Mkenya, nimepita tu, lakini wacha niongeze. Hiyo redneck mnayoitaja ni jina la heshima. Mwaka 1921 huko West Virginia, mlima wa Blair, wachimba makaa karibu 10,000 walishika bunduki kupigana na askari wa matajiri wa migodi, maana walilipwa kwa vipande vya kampuni badala ya pesa, vya kununulia vitu kwenye duka la kampuni. Weupe, Weusi, Waitaliano, wote walifunga vitambaa vyekundu shingoni ndio wajuane. Jina likatoka hapo. Matajiri ndio walioligeuza tusi.

Na hata kwetu wakati wa mkoloni, mzungu akifilisika aanze kulala nje na kulewa mbele ya Waafrika, serikali ilimpakia melini arudi kwao. Hawakutaka tuone kwamba mzungu pia anaweza kukosa.

Bibi Shamsa:
Njoro, vitambaa vyekundu ni kweli, kuzaliwa kwa jina si kweli. Kwenye siasa za Mississippi miaka ya 1890 wakulima wa kizungu walikuwa wanaitwa hivyo tayari, kwa sababu ya shingo kuungua jua. Na hao wakulima ndio waliompenda Vardaman, yule gavana aliyesimama majukwaani kutetea watu kunyongwa bila mahakama. Hiyo ndiyo heshima?

Njoro Moja:
Mama, nimesema wachimba migodi, unanijibu wakulima wa Mississippi. Hayo ni maili mia ngapi?

Bibi Shamsa:
Mimi si mama yako. Na umbali haufuti kamba.

Mama Chapati:
Kijukuu bado hajaomba radhi.

Daktari wa Kata:
Bibi Shamsa, hakuna anayefuta kamba. Lakini kuna jambo la Carrie Buck. Msichana wa kizungu wa Charlottesville, Virginia, maskini, mama yake aliwekwa kwenye taasisi ya waliohukumiwa kuwa na akili pungufu. Carrie alilelewa na familia nyingine. Mpwa wa nyumba hiyo akambaka, akapata mimba akiwa na miaka 17. Familia ikaona aibu, ikampeleka naye kwenye taasisi hiyo hiyo, kosa likawa lake. Virginia ilikuwa na sheria ya mwaka 1924 ya kuwakata uzazi watu wa namna hiyo, wakamchagua awe kesi ya mfano. Mei 1927 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikaamua, majaji 8 kwa 1: akatwe. Jaji Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha. Kizazi cha tatu ni kale kachanga ka Carrie, Vivian, kalipimwa kakiwa na miezi tu. Vivian alikufa mdogo, lakini alikuwa ameanza shule, na muhula mmoja jina lake liliwekwa kwenye orodha ya wanafunzi bora.

Nchi nzima waliokatwa kwa sheria za namna hiyo ni zaidi ya 60,000, Weusi na Weupe na wengine. Dharau ikiingia mahakamani inatoka na kisu.

Tulizo:
Daktari, hii umeniharibia chakula.

Nyundo ya Mbao:
Kisa kinauma, nakubali kinauma. Ila ni nani aliyempigia kura aliyetunga sheria hizo? Hao hao. Kila uchaguzi wanamchagua tajiri anayewaambia adui yenu ni Mweusi na mhamiaji. Kijukuu, babu yako wa ghalani alimpigia nani? Usinifiche.

Kijukuu wa Mwanza:
Hapigi kura. Anasema hajawahi kuona mtu aliyemchagua akipita barabara yake.

Nyundo ya Mbao:
Chai hiyo.

Kalamu Butu:
Wakuu, tukumbuke mada. Nyundo anasema walijichagulia. Alabama mwaka 1901 waliandika katiba yenye kodi ya kura, yaani ulipe ndipo upige kura, dola 1.50 kwa mwaka, na ukiruka miaka linakuwa deni linalojilimbikiza. Mlengwa alikuwa Mweusi, kila mtu alijua. Lakini fagio lilizoa na wazungu maskini maelfu kwa maelfu. Kabla ya hapo, vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kusini wakitetea utumwa: mwaka 1862 Kusini walipitisha sheria kwamba shamba lenye watumwa 20 linaruhusiwa mzungu mmoja kubaki bila kwenda jeshini. Familia za kizungu za Kusini zisizo na mtumwa hata mmoja zilikuwa karibu tatu kati ya nne. Vijana wao wakaenda kufa. Waliobaki nyumbani ndio walioendelea kuwaita takataka.

Bibi Shamsa:
Na hao vijana walikwenda kufa wakipigania nini? Sema umalizie. Walikuwa wanapewa kitu kimoja bure: wajue kwamba chini yao kuna mtu. Wakakipokea. Wapo waliokikataa, wakatoroka jeshini, wakajificha vichakani, hao nawavulia kitenge. Lakini wengi walikipokea.

Kijukuu wa Mwanza:
Wapo waliokikataa hata juzi juzi. Chicago mwaka 1969, mtaa wa Uptown ulijaa wazungu waliohama milimani kutafuta kazi. Vijana wao walikuwa na chama, Young Patriots, na majaketi yao yana bendera ya Kusini ile ile ya wenye watumwa. Fred Hampton wa Black Panther, chama cha Weusi, hakuwakimbia. Wakaungana na Wapuertoriko wa Young Lords: kliniki za bure, chai ya asubuhi kwa watoto, kupinga polisi na wenye nyumba. Desemba mwaka ule ule polisi wakavamia kwa Hampton alfajiri wakamuua kitandani, miaka 21. Wazungu takataka na Weusi kukaa meza moja, hilo ndilo lililoonekana hatari.

Bibi Shamsa:
Na bendera waliivua?

Kijukuu wa Mwanza:
Baadaye waliiacha. Hampton hakuwawekea sharti la kuivua ndipo azungumze nao.

Bibi Shamsa:
Alikuwa na moyo mkubwa kuliko wangu. Mimi ningewaambia vueni kwanza.

Njoro Moja:
Na hapo ndipo ungebaki na kliniki yako peke yako.

Bibi Shamsa:
Bora.

Nyundo ya Mbao:
Mnaandika kama mnataka kura Uptown. Mimi bado nasema: huruma ina foleni, na hao wako nyuma kabisa.

Mama Chapati:
Foleni hiyo inaanzia wapi, Mbagala au Mbezi?

Tulizo:
Tena hujanijibu mkuu. Mbezi ipi?

Nyundo ya Mbao:
Mbezi ni Mbezi.

Tulizo:
Ya Kimara hiyo.