Bibi analala saa mbili usiku, saa nane keshaamka. Tumpe Piriton?

mlezi_tanga
Habari za humu wakuu. Bibi ana miaka 76, ana presha. Anapanda kitandani saa mbili usiku, saa nane macho makavu, anagaagaa hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mchana anasinzia sinzia mkekani. Haja ndogo mara tatu nne kwa usiku. Anatumia amlodipine ya presha na Lasix ya kukojoza, zote baada ya chakula cha usiku. Tumeshauriwa Piriton, ile dawa ya mzio inayoleta usingizi, kila jioni.

nesi_wa_zamu
Piriton hapana. Siku chache tu mwili unaizoea, halafu anabaki na mdomo mkavu, choo kigumu, mkojo kubana na kuweweseka. Mzee akiinuka usiku katika hali hiyo ndipo nyonga zinapovunjika. Valium ya usingizi nayo hapana, ila aliyekwisha kuizoea asikatishwe ghafla. Daktari aipunguze kidogo kidogo.

Anzeni na Lasix. Hufanya kazi kama masaa sita, kwa hiyo akimeza saa mbili atakuwa anakwenda chooni hadi saa nane. Ombeni daktari aihamishie asubuhi. Amlodipine nayo huweza kuvimbisha miguu. Akijilaza, maji ya uvimbe huo hurudi kwenye damu na figo zinayatoa. Alasiri akae saa nzima miguu ikiwa juu ya stuli, amalize kukojoa kabla ya kulala.

kalamu_na_daftari
Kitandani masaa 10, usingizi masaa 6: asilimia 60. Kitanda kimeuzidi usingizi. Andikeni wiki nzima alilala masaa mangapi kweli, kisha mpeni kitandani muda huo na nusu saa juu yake. Kwake ni saa tano usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku bila kubadilisha. Msishuke chini ya masaa matano na nusu. Akifikisha asilimia 85 kwa wiki, alale dakika 15 mapema zaidi, na kuendelea hivyo. Mchana alale mara moja tu, dakika 20 hadi 30, kabla ya saa tisa.

Wengi hukwamia wiki ya kwanza: bibi anasinzia sebuleni saa mbili, wajukuu wanamwonea huruma, wanampeleka kitandani. Kama ni dhaifu, chelewesheni saa ya kulala nusu saa tu kila wiki hadi ifike saa tano. Mwenye kifafa asibanwe hivi.

mlezi_tanga
Ahsanteni. Akiamka katikati je, abaki kitandani na tasbihi yake?

nesi_wa_zamu
Tasbihi ni sawa, ila kwenye kiti. Ikipita kama dakika 20 hajalala, aketi kando ya kitanda, taa hafifu, arudi macho yakiwa mazito. Ukutani msiweke saa. Mkeka unaoteleza uondoeni njiani, na poti iwe karibu.

Chai ya rangi mwisho saa sita mchana. Sikilizeni pia: akikoroma kisha pumzi ikakatika, au miguu ikimwasha kwa ndani mpaka aitikisetikise, semeni hospitali. Hiyo ya miguu apimwe akiba ya madini ya chuma.