Naomba ushauri: tovuti za makumbusho zinazomfaa mpenzi wa visukuku

Wakuu, habari zenu. Napenda sana visukuku ingawa sijasomea fani hiyo, na najifunza kupitia tovuti za makumbusho. Tatizo ni kwamba nyingi zimejaa saa za kufungua, tiketi na picha za watoto wakishangaa dinosauri. Ukitaka kujua mfupa umetoka tabaka gani la mwamba, au kama ni halisi ama ni wa plasta, huambulii kitu. Juzi nimefungua ukurasa wa fuvu moja: picha ndogo kama stempu, hakuna kipimo pembeni, hakuna namba ya sampuli. Hapo unajifunza nini?

Smithsonian, wale wa makumbusho ya Marekani, wamenikosha, maana tangu 2020 wanaruhusu kupakua bure picha na maumbo ya 3D. Natural History Museum ya London nao wana hifadhidata, ila kwa sisi wa kawaida kuipekua ni shughuli.

Ninachotafuta hasa ni habari za mifupa ya dinosauri ya Tendaguru, kule Lindi, Tanzania, iliyochimbwa 1909 hadi 1913 na kupelekwa Berlin, hasa yule Giraffatitan, dinosauri mwenye shingo ndefu, wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nianzie wapi? Na kwenye hifadhidata mnatafuta kwa jina la mnyama au la eneo? Kiingereza nakimudu, Kijerumani hapana.