Miche ya mikoko tuliyoipanda imekufa mara mbili: tuendelee kupanda palepale?

Muulizaji, Pangani:
Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kurejesha misitu ya mikoko. Kikundi chetu kimepanda kwa misimu miwili, mahali pawili. Pa kwanza ni tope lililo wazi linaloelekea baharini, na pa pili ni majaruba ya chumvi yaliyoachwa, ambayo tuta lake bado limesimama. Miche yote ilikuwa ya aina moja tu ya mikoko, ile iitwayo mkoko hasa, kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota, na mfadhili alitupimia kazi kwa idadi ya miche iliyochomekwa siku ile, si kwa iliyokuwa hai mwaka uliofuata. Kule topeni miche iligandwa na vijidudu vya baharini vyenye magamba, kisha mawimbi ya kusi yakaing'oa. Kule majarubani ilikauka ikiwa imesimama. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa kina mama waliofanya kazi ile walikuwa topeni tangu alfajiri, na sasa tukiwaita hawaji. Je, tubadili aina ya mti, au tubadili mahali?

Jibu, kutoka Kwale:
Ndugu muulizaji, poleni sana. Kabla ya kutafuta miche mingine, jiulizeni kwa nini mikoko haikuota hapo yenyewe. Mbegu za mkoko huchipua zikiwa bado mtini, na zikidondoka maji huzisambaza pwani nzima. Basi mahali ambapo zinafika lakini hazishiki pana kizuizi, na mche uliochomekwa kwa mkono utakutana na kizuizi hichohicho.

Mikoko humea katika sehemu ya juu ya ukanda unaofunikwa na kufunuliwa na maji, takriban kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi panapofikiwa na bamvua (kujaa kukubwa kwa maji wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu). Tope lenu, ikiwa huonekana pale tu maji yanapopwa kabisa, liko chini ya usawa huo, na mche hukaa majini kwa saa nyingi kuliko unavyoweza kustahimili. Wala tope hilo si mahali patupu: ndege wa pwani hula pale, na penye nyasi za bahari samaki wadogo hupata maficho. Ufilipino walichomeka miche mingi sana katika maeneo ya namna hiyo kwa sababu hayakuwa na mwenyewe wa kugombana naye, huku mabwawa ya samaki yaliyoachwa, ambako mikoko ilisimama zamani, yakibaki vilevile.

Kuhusu aina ya mti, huku kwetu mstari wa mbele ni wa mlilana, nyuma yake mkoko, kisha muia (nadhani ninyi mnauita msinzi) na mkandaa, na mchu hukaa karibu na nchi kavu, ingawa huonekana mbele pia. Msitu wa jirani uliosalia ndio utakaowaonyesha mpangilio wa kwenu.

Na mfadhili aelezwe kwamba msitu uliosimama nao una thamani. Mradi wa Mikoko Pamoja hapa Gazi, ulioanza 2013, unauza hewa ya ukaa (yaani hulipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na msitu) kutokana na hekta 117, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kulinda miti iliyopo. Mapato yake yamesaidia maji na shule za vijiji. Ukaa mwingi wa mikoko umo ndani ya tope, si katika shina, kwa hiyo kuhesabu miche pekee hakutoshi.

Jibu, kutoka Bagamoyo:
Nimefanya kazi majarubani kwa miaka mingi, nami naona eneo lenu la pili ndilo lenye matumaini. Tuta linazuia maji kuingia na kutoka, jua linakausha yaliyobaki, na chumvi ya udongo inapanda kupita ile ya bahari yenyewe. Tafuteni njia ya zamani ya maji na mfungue tuta hapo, ili maji yaingie na kutoka kila siku, kisha msubiri kwa msimu mmojammoja mwone kinachoota. Mara nyingi mchu ndio utakaotangulia, kwa kuwa huvumilia chumvi kuliko mkoko. Ninatofautiana kidogo na ndugu wa Kwale: kama hakuna miti mama karibu, kungoja peke yake hakufai, na mtalazimika kuleta mbegu.

Jibu, kutoka Tanga mjini:
Naongeza moja tu, kwa msisitizo. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na majaruba yanaweza kuwa na mtu mwenye kibali hata kama yameachwa. Msipige jembe kwenye tuta kabla ya kuzungumza nao na serikali ya kijiji.

Muulizaji, Pangani:
Nawashukuru sana. Topeni hatutarudi. Mzee mmoja hapa anakumbuka hori (mkono wa maji ya bahari) lililopita katikati ya majaruba kabla tuta halijajengwa, na vijana walivua kamba humo. Bamvua ijayo tutakwenda naye atuonyeshe lilipokuwa, na kabla ya hapo nitafika ofisi ya misitu. Kina mama nitawafuata nyumbani, niwaeleze kwamba kosa halikuwa la mikono yao.