Naomba ushauri: mama wa mchezo wetu wa redio (Nebraska, 1874) abebe shida ipi?

Fundi_Sauti:
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha maigizo hapa Morogoro kinaandaa mchezo wa redio kuhusu walowezi waliohamia Nebraska, Marekani, mwaka 1874. Baba, mama (tumemwita Hannah) na watoto wanne. Sheria ya 1862 iliwapa ekari 160: ukae, ulime, na baada ya miaka 5 upate hati.

Mwenzangu ninayeandika naye anataka bastola, mbwa mwitu na moto wa nyika. Kwa hiyo Hannah kazi yake ni kupiga mayowe tu. Mimi nataka shida za ndani ya nyumba, ila naambiwa mchezo utapoa. Tuna dakika 30. Nishike lipi? Akina mama nanyi karibuni.

Mama Kulwa:
Mwanangu, ondoa bastola, kisha mwondoe na mume. Wanaume wengi kule walikuwa wakiondoka kutafuta vibarua, reli au mavuno ya watu, pesa ikikata. Mke anabaki na watoto, ng'ombe na mimba. Jirani yuko mbali na uchungu hausubiri mtu. Hapo hata mimi sizimi redio.

Kichwa Ngumu:
Dakika 30 za mama kuchota maji? Mimi nahamia kwenye mpira.

Mama Kulwa:
@Kichwa Ngumu hama tu baba, maji ya kuoga utajichotea mwenyewe.

Mbezi_Omaha:
Mkuu, mimi naishi Omaha, huku huku Nebraska. Kusini huku, karibu na Beatrice, kuna hifadhi ya kumbukumbu ya sheria hiyo hiyo ya 1862, nimeshaitembelea. Miti ilikuwa haba, kwa hiyo watu walikata ardhi yenye nyasi na mizizi yake, wakapanga mabonge kama matofali. Fikiria tembe ya Ugogo, ila kwenye baridi ya theluji. Mvua ikikatika nje, ndani paa linaendelea kudondosha matope. Wanawake walitundika shuka chini ya dari ili udongo, panya na hata nyoka wasiangukie kwenye sufuria.

Kuni hakuna. Walipikia mabua, nyasi zilizosokotwa na samadi kavu ya nyati. Wageni walianza kuiokota kwa ncha ya aproni, wanakunja pua. Baadaye unamkuta anaitia jikoni kwa mkono mtupu na kurudi kukanda mkate. Badiliko hilo moja linamweleza Hannah kuliko mbwa mwitu kumi.

Na mwaka wako una bahati mbaya nzuri: 1874 ndio mwaka wa nzige. Watu walifunika bustani kwa blanketi, nzige wakala na blanketi.

Wakili wa Mtaa:
Mnapita juu ya jambo kubwa. Ardhi hiyo ni ya nani? Mwanamke asiye na mume, mwenye miaka 21, aliruhusiwa kuomba ekari 160 kwa jina lake. Mjane pia, na aliweza kuendeleza ombi la marehemu mumewe. Mke aliye na mume haombi, mkuu wa kaya ni mume.

Sasa mlete mdogo wake Hannah, hajaolewa, achukue kiwanja cha jirani. Mdogo mtu ana ekari 160. Hannah kazaa, kalima, kazima moto, na hati itatoka kwa jina la mwanaume ambaye hata hajulikani alipo. Wakae wawili hao wanafua nguo kwa sabuni waliyopika wenyewe kwa maji ya majivu na mafuta ya nguruwe. Bastola ya nini?

Nyanda za Juu:
Naongeza. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Katikati ya miaka ya 1870 Wapawnee, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wanaondolewa Nebraska kupelekwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Hannah anahamia, mama wa Kipawnee anahamishwa, na wote wana watoto mgongoni. Ukimnyamazia huyo, mchezo ni wa upande mmoja.

Wala wahamiaji wote hawakuwa wazungu. Nicodemus, Kansas, ilianzishwa na watu weusi waliotoka Kentucky, 1877. Willianna Hickman alifika 1878, akauliza mji uko wapi. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini, maana watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo. Akalia. Nadhani huo ni mchezo wa pili, usiubane humu.

Fundi_Sauti:
Nimewasoma wote, asanteni sana. Mume anaondoka onesho la kwanza, mdogo wa Hannah anaingia, na msafara wa Wapawnee utapita karibu na kisima chao. Mwenzangu kakubali, kwa sharti nzige wabaki. Swali la mwisho: redioni nzige anasikikaje?

Mbezi_Omaha:
Wakitua waliwafananisha na mvua ya mawe. Mwaga mchele kwenye sinia. Wakianza kula, sugua majani makavu ya mahindi karibu na maiki, polepole kisha ongeza.

Kichwa Ngumu:
Mkirusha nitagi. Mpira umeisha sare.