MREJESHO: Chai ya maziwa kukatika nikiweka tangawizi

Wakuu habari zenu, mie ndo yule niliyeuliza mbona chai yangu ya maziwa inakatika kila nikitia tangawizi mbichi. Asanteni sana wote, hata mliosema maziwa yamechakachuliwa, ingawa nilijaribu ya paketi nayo yakakatika vilevile.

Iliyonisaidia ni ya yule dada aliyesema tangawizi ichemke kwenye maji kwanza. Natwanga kipande cha kidole gumba, natia kwenye maji na iliki, yakichemka naacha yatokote kama dakika 5, nafuatisha majani, halafu maziwa ndo mwisho kabisa tena yawe yashachemshwa pembeni. Haikatiki! Kumbe tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, sasa ikichemka kinakufa. Wachina wa Guangdong wanagandisha hivyo makusudi wanakula na kijiko, mie hapana jamani.

Tangawizi ya unga nayo haikatishi ila inaacha machicha chini ya kikombe hata uchuje vipi, na ukali wake haufikii ile mbichi. Bekingi soda sikuipenda kabisa, chai ilikuwa nyeusi ina ladha kama sabuni, samahani kaka uliyeshauri.

Kilichonishinda ni maziwa yaliyolala bila friji, hayo yakishaanza kuchacha yanakatika tu hata ufuate hatua zote, siku hizo nakunywa ya rangi na limao yaishe.