Uchaguzi wa mtaa unamalizwa kwenye fomu. Sisi wa Mwanza tusiambiwe "mlimchagua wenyewe"

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nina hasira. Naomba msome wote kabla ya kunijibu.

Juzi wakazi wa mtaa wetu tulikwenda ofisi ya mtaa kuuliza mambo mawili. La kwanza, mkutano wa wakazi unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, tukasomewa mapato na matumizi, uko wapi? La pili, kwa nini barua ya utambulisho inalipiwa hela isiyo na risiti? Tukajibiwa: "Mwenyekiti mlimchagua wenyewe, subirini 2029." Mtaa siutaji, maana kuna wazee wangu bado wanahitaji mihuri pale.

Hatukumchagua. Nitaeleza jinsi uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 ulivyokuwa, na nina hakika wengi wenu mtaona ni mtaa wenu ninaousema.

Kuna watu humu wakisikia uchaguzi wa serikali za mitaa wanaona ni jambo dogo, wanasubiri wa rais na wabunge. Ndugu zangu, mbunge unamwona kwenye bango. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anakuandikia barua ukitaka kitambulisho cha NIDA, ukifungua akaunti, ukienda kumdhamini mdogo wako polisi au mahakamani. Kikundi cha akina mama kikiomba ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, safari inaanzia mezani kwake. Na sisi tunaoishi juu ya mawe huku Mwanza, nyumba nyingi hazina hati. Ukinunua kiwanja, karatasi ya mauziano ina sahihi ya mwenyekiti, na zoezi la urasimishaji wa viwanja likija yeye ndiye anaulizwa mpaka wa nani unaishia kwenye jiwe lipi. Mtu wa namna hiyo akiwa si chaguo lenu, mnaishi kwa kumbembeleza miaka mitano.

Tuanze na uandikishaji. Agosti 2024 Tume ya Uchaguzi ilipita Mwanza kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, watu wakapanga foleni, wakapata kadi, wakarudi nyumbani wakijua wamemaliza. Hawakuwa wamemaliza. Uchaguzi wa mitaa una orodha yake, na uandikishaji wake ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, mtaani kwako, jina linaandikwa kwenye kitabu, hupewi kadi yoyote. Mzee mmoja wa kwetu alifika kituoni tarehe 27 Novemba na kadi yake mpya ya Tume, akaambiwa jina halipo. Alisimama pale anaionyesha kadi kama vile hawajaiona vizuri. Nani alimweleza tofauti? Gari la matangazo lilipita barabara ya lami. Kwenye ngazi za mawe halipandi.

Halafu wavuvi. Hili linaniuma kuliko yote na sijaona mtu akiliandika. Kila mtu wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, anajua dagaa wanavuliwa gizani. Taa inawavuta usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikishatawala, vijana wanarudi nyumbani, wanashona nyavu, wanaona watoto. Sasa chukueni kalenda ya 2024. Mwezi mpevu wa Oktoba ulikuwa tarehe 17, katikati kabisa ya uandikishaji, kwa hiyo vijana wetu walikuwepo na wakaandikishwa. Kura ikawekwa Jumatano tarehe 27 Novemba, siku nne kabla ya mwezi kuandama. Giza lenyewe, msimu wa kazi. Wako kambini visiwani, wengine huko Ukerewe, na kura ya mtaa hupigi mahali ambapo hukuandikishwa. Vituo vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi, vikafungwa saa 10:00 jioni. Serikali ilitangaza siku ile kuwa ya mapumziko, lakini mtu anayelipwa kwa mgawo wa dagaa wa usiku huo mapumziko hayo hayamhusu. Majina yao yako kwenye kitabu, yanahesabiwa kuwa ya walioandikishwa, na kura hawakupiga. Mpangaji wa tarehe angemuuliza mvuvi yeyote pale mwaloni Kirumba, angejibiwa papo hapo.

Sasa wagombea. Masharti kwenye karatasi ni mepesi: uwe Mtanzania, umri miaka 21 au zaidi, mkazi wa mtaa huo, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, una kipato halali, na uwe mwanachama uliyedhaminiwa na chama cha siasa. Hapo kwenye chama nisimame kidogo. Jirani yangu, mama mmoja anayekausha na kuuza dagaa, mtu aliyesuluhisha ugomvi wa mipaka ya watu kwa miaka, hakuwa na chama. Sisi ndio tulimwomba agombee. Ikabidi kwanza atafute kadi, kwa sababu mgombea binafsi nchi hii haruhusiwi hata kwenye mtaa wenye nyumba mia tatu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapohapo Arusha, iliamua kwenye shauri la Mchungaji Mtikila, Juni 2013, kwamba katazo hilo linavunja haki. Zaidi ya miaka kumi imepita na katazo liko palepale.

Akachukua kadi, akachukua fomu, akajaza. Siku ya uteuzi, tarehe 8 Novemba, jina lake halipo. Sababu zilikuwa mbili. Aliandika jina la chama kwa kifupi, na kwenye kazi aliandika "mjasiriamali", wakasema hiyo haionyeshi kipato halali. Mama huyu amesomesha watoto wanne kwa dagaa! Moshi na jua vimemharibu macho, halafu kijana aliyeajiriwa jana anamwambia kipato chake hakieleweki. Angemwita tu, akamwambia mama hapa andika "biashara ya dagaa", ingechukua dakika moja. Aliporudi kuuliza, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Wanaofuatilia wanakumbuka 2019: majina ya wapinzani yalikatwa kwa makosa ya namna hiihii ya kujaza fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na maelfu ya wenyeviti wakapita bila kupingwa.

Alikata rufaa. Na hapa naomba muone jinsi mambo yalivyofungwa. Uchaguzi wa mitaa hausimamiwi na Tume, unasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kanuni zinatoka kwa waziri. Msimamizi ni mkurugenzi wa halmashauri, chini yake ni watumishi wa halmashauri. Ukikata rufaa, kamati inaongozwa na Katibu Tawala wa Wilaya. Huyu katoka wapi? Serikalini vilevile. Mama wa dagaa alikuwa anamlalamikia mtumishi wa serikali kwa mtumishi mwingine wa serikali, siku za kulalamika zikiwa za kuhesabu vidole. Kampeni zilianza tarehe 20 yeye bado anazungushwa. Kuna njia ya Mahakama ya Wilaya baada ya matokeo, sawa, lakini wakili analipwa kwa gunia ngapi za dagaa?

Aliyebaki ni mgombea mmoja. Tukapewa karatasi ya ndiyo au hapana. Ndiye huyo leo tunaambiwa tulimchagua.

Halafu tukatangaziwa kwamba nchi nzima chama kimoja, CCM, kimechukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Mimi si mwanachama wa chama chochote na sipigi debe la mtu. Lakini nimezaliwa hapa. Mwaka 2010 majimbo ya jiji hili, Nyamagana na Ilemela, yote yalichukuliwa na CHADEMA kwenye ubunge, 2015 yote yakarudi CCM. Jiji hili watu wanagombana mawazo kuanzia kwenye daladala mpaka kwenye kijiwe cha kahawa. Asilimia 98 sisi hatujawahi kukubaliana hata bei ya sangara.

Na msinijibu kwamba "nendeni kwa balozi wenu". Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama. Kumlazimisha mkazi apite kwake kuchukua kikaratasi kabla ya kuhudumiwa na ofisi ya umma si haki, na ofisi zinazofanya hivyo mnazijua.

Swali langu kwa wanasheria mliomo humu. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya 2024 imeandika kwamba Tume itasimamia uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji kwa utaratibu utakaowekwa na sheria itakayotungwa na Bunge. Kuna wananchi walikwenda Mahakama Kuu mwaka huohuo kupinga TAMISEMI kusimamia, wakashindwa. Je, ili sheria hiyo ipelekwe bungeni kabla ya 2029, nani anatakiwa kuanza? Mbunge anaweza kuipeleka kwa hoja binafsi? Wakazi tukikusanya sahihi, tunazipeleka ofisi gani? Sahihi za mtaa wetu nitazikusanya mimi mwenyewe, na wavuvi nitawafuata mwaloni mbalamwezi ijayo wakiwa nyumbani. Naomba mnielekeze.